Anwani si Istilahi: Juu ya Kutoa na Kupokea Maoni kuhusu Jina la Hadithi ya Njozi

Makala haya yametokana na kosa la mwandishi wake, nami naona ni afadhali nilitaje mapema kabla sijagusa kazi za wengine. Nilikuwa Ndalambo, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, nilikokwenda kuwasalimu ndugu. Jioni moja mwalimu wa shule ya msingi alinijia na daftari kubwa lililofungwa kwa uzi. Humo alikuwa ameandika kwa mkono hadithi ya njozi, naye alikusudia kuipiga chapa na kuipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyoanzishwa mwaka 2022. Hakuniomba niisahihishe hadithi. Aliniomba maoni juu ya jina lake tu.

"Ya ndani nitapambana nayo mwenyewe, ndugu yangu," alisema, "lakini aliye ndani hauoni mlango wake. Nitazamie wewe uliye nje."

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Ziwa Rukwa limechoka. Limechoshwa na kelele za wanaogombea samaki wake, na kila mwaka wa ukame watu huja kulipima kwa vijiti kama mgonjwa anayepimiwa kaburi. Usiku mmoja linajitwika maji yake, linapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka upande wa Kamsamba, linafika juu uwandani na kulala uani kwa mjane mmoja aliyefiwa na mtoto mchanga. Asubuhi, kule bondeni mitumbwi imekaa juu ya matope, na huku juu bata wa mjane hawaamini bahati yao. Mwalimu aliipa hadithi hii jina la Ziwa Lililohama.

Wanaolifahamu Ziwa Rukwa watakubali kuwa njozi hii haikuokotwa hewani. Ziwa hilo hupokea mito, ukiwamo Momba wenyewe, lakini halina mto wa kuyatoa maji yake. Kwa hiyo hupanuka na kunywea kufuatana na mvua, na yamewahi kupita majira ambapo sehemu yake kubwa ilikuwa nchi kavu. Mtoto wa huko haoni ajabu kubwa akiambiwa kuwa ziwa haliko pale lilipokuwa wakati wa babu yake.

Nilikaa na daftari siku mbili, kisha nikaandika pambizoni kwa wino mwekundu. Niliandika kwamba kitenzi hama humfaa kiumbe mwenye makazi, na ziwa halina makazi, maana lenyewe ni makazi ya wengine. Niliandika pia kwamba neno ziwa lina maana mbili, lile la maji na lile la mama, na kwamba ni vema utata huo uepukwe, hasa mbele ya wanafunzi ambao hawakosi kucheka. Mwisho nikapendekeza jina mbadala, Kutoweka kwa Ziwa, nikalipigia mstari mara mbili. Sikuficha kuridhika kwangu.

Mwalimu alisoma, akashukuru, akasema kwamba watu wa lugha wakishanena, mtu wa darasani hana la kuongeza. Papo hapo akalikata jina lake na kuliandika langu. Hakubisha hata neno moja, na ukimya huo ungalipaswa kunishtua.

Jumamosi iliyofuata aliisomea hadithi hiyo wanafunzi wa darasa la sita na la saba, pamoja na wazee wachache waliokaribishwa. Aliandika jina ubaoni, akawauliza watoto wanadhani hadithi itahusu nini. Mmoja akajibu kuwa itahusu uharibifu wa mazingira. Wa pili akasema ukataji wa miti ovyo. Wa tatu, msichana wa mstari wa mbele, alikwisha fungua daftari na kuandika tarehe. "Mwalimu," akauliza, "tunakili?"

Wenzangu wa maofisini hawatahitaji maelezo zaidi. Sisi sote tumeandika barua ambazo chini ya anwani na salamu hufuata herufi tatu, YAH, na baada yake maneno kama kuchelewa kwa, kukosekana kwa, kutoweka kwa. Nilikuwa nimeichukua hadithi ya ziwa lililojitwika maji na kulipanda genge usiku, nikaitia ndani ya jalada.

Usomaji ulipokwisha, bibi mmoja aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake aliomba kuuliza. Alimwuliza mwalimu, "Mwanangu, hilo ziwa limetoweka vipi, na wewe umetwambia limelala uani kwa mwenzangu? Kilichotoweka hakionekani. Hilo limehama." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alipoisikia habari ya mjane alidhani mwalimu anasema jambo jingine pia. Mtoto mchanga akifa, alisema, ziwa la mama haliambiwi. Usiku linajaa na kumtafuta mtoto, na mtoto hayupo.

Darasani hapakuwa na aliyecheka. Baadaye mwalimu alikiri kwangu kuwa maana hiyo ya pili hakuiwazia alipokuwa akiandika. Alijua tu kwamba ziwa lisingeweza kwenda kulala kwa mtu mwingine ila kwa mjane yule.

Basi kosa langu lilikuwa nini? Kisarufi, Kutoweka kwa Ziwa ni maneno safi. Kosa ni kwamba nilihukumu anwani kwa sheria za istilahi. Istilahi hutakiwa iwe na maana moja, iwe ileile Tunduma na Tanga, na isimtegemee aliyeisema. Kazi ya kuitafuta ni njema na ya lazima; mwenye duka la dawa na mganga wakielewa neno moja kwa namna mbili, mgonjwa ndiye atakayelipa. Lakini mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kadhaa hupata mazoea ya kuuona utata popote ulipo kuwa ni uchafu wa kufutwa. Jina la hadithi ya njozi husomwa mara mbili: mara ya kwanza na mtu asiyejua lolote, na mara ya pili na mtu yuleyule akiwa amekwisha funga kitabu. Safari ya kwanza linapaswa kumshangaza bila kumdanganya, na safari ya pili linapaswa kuwa kweli tupu. Kutoweka kwa Ziwa halishangazi mara ya kwanza, na mara ya pili ni uongo, kama yule bibi alivyoona upesi kuliko mimi.

Hapa yafaa tuyatazame maneno tunayotumia kwa kazi hii. Tuna maoni, tuna masahihisho, na siku hizi tuna mrejesho, neno ambalo limeenea katika semina na taarifa zetu kiasi cha kuchosha masikio. Hata hivyo, limebeba maana ambayo watumiaji wake wengi hawaijali. Kurejesha ni kumpa mwenyewe kilicho chake. Jirani akikuazima jembe, hurejeshi shoka, hata kama unaamini shoka ni bora. Msomaji aliyepewa jina la hadithi anaweza kurejesha kitu kimoja tu ambacho mwandishi hawezi kukipata penginepo, nacho ni kile alichokiona akilini alipolisoma jina hilo. Jina mbadala halimo katika mrejesho. Ni mali nyingine, inayotoka katika ghala la msomaji, na mwandishi akiipokea sharti ajue kwamba anakopa. Mimi niliombwa mrejesho nikatoa masahihisho, na watoto wa darasa la sita, ambao hawakujua kuwa wanaombwa kitu, walitoa mrejesho kamili kwa kufungua madaftari.

Ugonjwa huu si wa Ndalambo wala si wa leo. Tuyatazame majina machache ya vitabu vya namna hii tulivyo navyo, hasa vya tafsiri, maana mfasiri ndiye hupokea masahihisho mengi kuliko watunzi wote.

Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa tafsiri ya hadithi ya Rider Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nimewasikia wasomi wakilicheka jina hilo. Mashimo! Neno sahihi, wanasema, ni migodi. Kwa istilahi ya leo wana haki. Lakini katika Kizulu umgodi ni shimo lililochimbwa, liwe la madini au la jambo jingine, na mgodi wetu ni ndugu yake dhahiri. Ukienda kwa ukoo wa maneno, basi, anayemsahihisha Johnson anafuta shimo na kuandika shimo. La kutazamwa zaidi ni kile ambacho kila jina humfanyia msomaji. Migodi ina mishahara, taa na mkaguzi. Shimo lina giza, na hakuna ajuaye mwisho wake. Katika kitabu cha taaluma ya madini ningeandika migodi bila kusita. Kwenye jalada la hadithi ile ningeacha mashimo.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni ule wa hadithi ya Lewis Carroll. Tafsiri ya mwaka 1940 iliitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kati ya majina haya mawili yamebadilika mambo mawili: irabu ya kwanza ya jina la msichana, na kihusishi. Irabu sina neno nayo. Kihusishi ndicho kitakachowaudhi walimu, kwa sababu sote tumewapigia kelele waandishi wa habari na watangazaji wanaotia ndani ya kila mahali: ndani ya mwaka huu, ndani ya jiji, ndani ya mkutano. Nami bado nawapigia. Lakini mwalimu atakayeikata ndani ya hapa kwa mazoea tu atakuwa hajauliza msichana aliingiaje katika nchi hiyo. Alianguka shimoni. Hakuvuka mpaka kwa hati ya kusafiria; alimezwa. Katika ingefaa kwa mtu aliyefika na kutembea, nayo si kosa, kwa kuwa baadaye anatembea sana. Ndani ya inakumbuka mlango. Haya ni masomo mawili ya hadithi moja, na mwenye kutoa maoni anatakiwa aseme ni lipi amelisoma kabla hajainua kalamu.

Jambo ambalo wafasiri wote wawili hawakuligusa linanifurahisha zaidi, nalo ni ajabu katika umoja. Msahihishaji mwenye bidii angeandika Nchi ya Maajabu, na angekuwa ametufungulia duka la vitu vya kutazama. Nchi ya ajabu ina vitu vya kutazama, lakini pia ni nchi isiyoeleweka, kama tunavyosema kwa hasira, "Mtu wa ajabu huyu!" Wenyeji wa nchi ile humwona msichana vivyo hivyo. Utata ambao ningeufuta ofisini ndio unaoibeba hadithi.

Sitaki ionekane kuwa kila utata ni mali. Kitabu cha Saint-Exupéry kilichochapishwa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme. Niruhusiwe kutoa mrejesho kama msomaji wa kawaida: nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilidhani mfalme ana wana kadhaa, na kwamba nitasimuliwa habari za kitinda mimba wake, labda mwenye kaka wakubwa wenye wivu, kama ilivyo katika ngano zetu nyingi. Nilimtafuta mfalme, na mfalme pekee niliyemkuta si baba wa mtu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Dawa iko tayari, Mwanamfalme Mdogo, na ofisini ningeiandika bila kufikiri. Lakini nikijiuliza ingegharimu nini, naona kwamba mwanamfalme ni neno lenye harufu ya ikulu na itifaki, na kwamba mwana wa mfalme, kwa mpangilio wake wa polepole, humweka msomaji mkekani, usiku, mbele ya msimulizi. Huenda wenye kitabu walilitaka hilo na wakakubali hasara ile. Mimi ningeendelea kusumbuka na yule kitinda mimba; lakini nimekwisha kusema nilichokiona, na uamuzi ni wao.

Katika utunzi wetu wenyewe, tufikirie nini kingetokea kama mswada wa Shaaban Robert uliotoka mwaka 1951 ungalipita kwanza mezani kwangu. Nchi iliyo angani, isiyo na ardhi chini yake, yenye wajumbe wanaotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini. Na mwandishi anaipa jina la Kusadikika! Ningemwandikia kwa adabu zote kwamba kauli ya kutendeka imetumika kinyume, na kwamba nchi kama hiyo haisadikiki. Ningekuwa nimelikosa jambo lote. Yasiyosadikika katika kitabu kile ni ya angani; yanayosadikika mno ni ya barazani, pale mtu anaposhitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na naamini alijua uzito wa neno linaloonekana kama kosa la sarufi. Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake, imejengwa kwa kauli hiyohiyo.

Upande wa pili uko Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohamed Said Abdulla, wa mwaka 1960, ambao jalada lake huahidi mzimu na ndani yake kuna upelelezi wa Bwana Msa. Aliyekwisha kuusoma mswada hadi mwisho angeweza kutaka neno mauaji liwemo katika jina. Afadhali hakuna aliyesikilizwa. Said Ahmed Mohamed naye, mwaka 2001, aliita riwaya Babu Alipofufuka, kishazi tegemezi kisicho na kishazi kikuu. Mwalimu wa sarufi angeuliza: alipofufuka, ikawaje? Naam, ndilo swali ambalo jina hilo limekusudiwa kuuliza.

Sasa niseme kidogo juu ya mwenye kupokea, maana katika kisa cha Ndalambo mwalimu naye ana sehemu yake, ingawa ndogo kuliko yangu. Yeye aliuliza swali zuri, kisha akakubali jibu la swali jingine. Angeweza kuniambia, "Ndugu yangu, hujaniambia ulichokiona. Umeniambia ulichokitaka." Hakusema kwa sababu ya cheo. Katika nchi yetu maneno ya mtu atokaye makao makuu hupokewa kama waraka, na sisi wenyewe hatufanyi juhudi kubwa ya kuizuia hali hiyo. Mtoa maoni mwenye cheo analo jukumu la kulipunguza sauti pendekezo lake, au kutolitoa kabisa mpaka aulizwe mara ya pili. Na walimu wanaoandika chini ya insha kwamba "kichwa cha habari hakifai" wakumbuke kuwa mtoto hakuambiwa lolote. Wamwambie: niliposoma kichwa hiki nilitazamia fisi, na fisi hayumo. Atajua la kufanya.

Wala mtunzi asidhani kuwa jina likishapigwa chapa limeganda. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar; alipoirudia na kuitoa upya mwaka 1969 hata jalada halikusalimika, likawa Juliasi Kaizari. Hiyo si hadithi ya njozi, lakini inaonyesha mtu mwenye cheo kikubwa kuliko vyote nchini akikubali kujisahihisha hadharani. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi, na hapo hakuitii istilahi hata kidogo. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza aligeuka kuwa mabepari wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina lile ni usomaji wa mchezo, na mwenye usomaji mwingine anaruhusiwa kubishana nao. Mfanyabiashara wa Venisi lingekuwa sahihi, na kusingekuwa na la kubishania.

Kabla sijaondoka Ndalambo nilimwomba mwalimu alirudishe jina lake la kwanza. Alisema atafikiri, jambo lililonipa matumaini, kwa kuwa safari ile hakunishukuru. Wiki kadhaa baadaye alinitumia ujumbe kwa simu. Hakurudi kwenye Ziwa Lililohama, na la kwangu alikwisha lifuta. Hadithi sasa inaitwa Ziwa Limehama.

Nilianza kumwandikia kuwa hiyo ni sentensi kamili na si anwani, na kwamba kirejeshi kilikuwa kinalifunga jina vizuri zaidi. Nikafuta. Nikamwandikia kwamba nilipolisoma nilisikia mtu akipiga hodi alfajiri, amekimbia, ana habari ambayo bado haijaenea kijijini. Alijibu kuwa hiyo ndiyo sauti ya jirani wa mjane katika ukurasa wa nne, na kwamba bado anashindana na ukurasa wa kumi na moja, ila huo hataki nimtazamie.